Wimbo Waliosema Hauna Mwenyewe

Nikisikia mtu akisema amesamehe na kusahau, humtazama usoni nione kama ana homa. Mimi sikusamehe wala sikusahau. Nilikaa na jambo langu miaka minne nikilipika kwa moto mdogo, nikilikoroga kila jioni lisishike chini ya sufuria, mpaka siku nilipopigiwa simu niende Shanzu kupiga kinanda kwenye tamasha la roki ya anga.

Mimi ni mpiga kinanda wa taarabu. Nilizaliwa Mji wa Kale, nikaolewa Kisauni, nikafiwa na mume Kisauni, na hapo ndipo nilipo. Nimepiga harusi za Likoni, za Kiembeni, za Changamwe kwenye nyumba za kampuni, miaka zaidi ya thelathini sasa, nyuma ya waimbaji waliovaa dhahabu mpaka vidole vya miguu. Mwimbaji hutuzwa, hupigiwa vigelegele, huulizwa shoga leo umevaa manukato gani. Mpiga kinanda anajulikana na Mungu na fundi wa umeme. Silalamiki. Nilichokuwa nacho ambacho ni changu peke yangu ni wimbo mmoja, na huo ndio ulioibwa.

Aliyeuiba alikuwa kijana wa bara. Alikuja Changamwe kufanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na jioni akawa anapiga gitaa kwenye baa. Tulikutana harusini, mwenzake wa kiwandani alikuwa anaoa. Wakati wageni wengine wanasukumana kwenye biriani, yeye alisimama karibu na spika akiangalia vidole vyangu. Tulipomaliza akanijia kwa adabu.

"Dada, hiyo sauti unaitoa wapi? Kwenye gitaa langu haipo."

Nilifurahi, sitadanganya. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwonyesha. Kinanda cha taarabu kina vibonye vidogo kumi na viwili juu, kila kimoja kwa sauti yake. Ukikibonyeza, ile sauti inateremka robo, inakaa katikati, si huku si kule. Hiyo robo ndiyo inayomfanya bibi harusi alie bila kujua analilia nini. Gitaa halina, kwa sababu vile vyuma vilivyopangwa shingoni mwake vimeshakata sauti zote sawasawa kama mkate wa dukani.

Basi akawa anakuja kwangu kila Jumapili, mlango wazi, majirani wanaona. Alikaa sebuleni na gitaa lake, akala mbaazi na mahamri yangu, na baada ya miezi mingi ya kujaribu akagundua kwamba akiukanyaga uzi chini kidogo kisha akauvuta kwa kidole, sauti inapanda taratibu mpaka inaikuta robo yangu. Siku hiyo tulipiga kelele kama watu walioshinda mpira.

Mama yangu alikuwa mgonjwa wakati ule, amelala nyuma ya pazia. Halali usingizi, anageuka tu. Nikawa nampigia kitu polepole, sauti chini, kitu kisichokuwa wimbo bado. Nikipatia anatulia, nikikosea anasema, "Mwanangu, hapo hapana, rudi." Kwa hiyo nilikuwa narudi. Ilichukua mwezi mzima na siku kadhaa. Mwishowe ukawa wimbo, na ulikuwa na mahali pa gitaa, kwa sababu kila Jumapili gitaa lilikuwepo. Mama akimwita yule kijana mjukuu wangu. Aliusikia wimbo ukizaliwa na makosa yake yote.

Mama alipofariki alikuja, akasaidia kusimamisha turubai, akasimama nje na viatu mkononi asijue aende wapi. Halafu akaenda Nairobi. Hakupiga simu hata ya idi. Fadhila ya punda ni mateke, lakini mateke yenyewe yalikuwa bado njiani.

Yalinikuta kwa fundi wa nguo hapa Kisauni. Nilikuwa nimeshika kitambaa, fundi anashona, redio iko juu ya kabati. Nikasikia wimbo wangu. Umerefushwa, umetiwa mwangwi na miungurumo, lakini ni wangu, namjua mwanangu hata akivaa kofia. Ulipokwisha mtangazaji akamuuliza mpigaji ameutoa wapi. Sauti niliyoilisha mahamri ikajibu: "Ni wimbo wa kale wa pwani. Hauna mwenyewe."

Fundi hakusikia chochote, aliendelea kukanyaga cherehani. Mimi nilirudi nyumbani bila kupimwa. Hauna mwenyewe! Nami niko hai, niko mtaa wa pili kutoka msikitini, nina simu, nina meno yangu yote. Angesema ni wake ningemwita mwizi nikapumua. Lakini aliniua mimi kwanza, kisha akaurithi wimbo kama mali iliyookotwa njiani. Na mama yangu aliyekuwa akisema hapo hapana, rudi, naye akafutwa.

Niliapa. Sikuapa kumdhuru, mimi si mchawi. Niliapa kwamba siku moja mbele ya watu, kwenye muziki, ambapo hana pa kujificha, nitamfanya aonekane hajui kitu.

Simu ilitoka kwa binti mmoja wa Nairobi, mwandaaji wa tamasha, mchangamfu, anaongea haraka. Akanieleza roki ya anga. Nilielewa hivi: kipande kimoja chaweza kuchukua nusu saa, magitaa yanavuma kama friji mbovu, na wasikilizaji hufumba macho wakasema wanasafiri kati ya nyota.

"Tunatafuta kinanda cha asili cha pwani, mama."

"Kinanda changu kimetoka Japani," nikamwambia. "Wa asili ni mimi."

Akacheka, akanitajia mpiga gitaa nitakayemsindikiza alasiri ya siku ya mwisho. Lilikuwa lile jina. Nikaketi kitako. Nikamwambia naam, nitakuja, inshallah, wala usihangaike na gari, nitafika mwenyewe.

Kwenye hoteli ya tamasha nilifika asubuhi kwa mazoezi. Bustani yote ilikuwa imetandikwa mikeka na mito, vijana wamejipaka rangi za fedha usoni, wazungu wenye ndevu wamelala chali saa nne ya asubuhi kama wagonjwa wa zahanati. Jukwaa lilikuwa limeipa bahari mgongo. Jirani yangu wa Kisauni, anayefua mashuka katika hoteli ile, alinitokea nyuma ya jukwaa akaniuliza hawa watu wana nini. Nikamwambia wanakwenda mwezini.

Kisha akaja yeye. Amenenepa kidogo, ndevu zimeingia mvi mbili tatu. Aliponiona alisimama, na nikaona uso ukimpauka. Wenzake wote wanatutazama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama! Miaka miwili sebuleni kwangu nilikuwa dada. Leo mbele ya watu nimekuwa mama, bibi kizee wa pwani aliyeletwa pamoja na mapambo ya makuti.

"Marahaba," nikajibu, kwa sababu shikamoo haikataliwi hata ikitiwa sumu.

Baadaye, wengine walipokuwa wanafunga waya, alininong'oneza, "Sikujua ni wewe."

"Na sasa wajua," nikamwambia, nikageuka kufuta vumbi kwenye kinanda.

Kwenye mazoezi nikapewa kazi yangu. Nishikilie sauti moja ya chini, basi. "Kama upepo, mama," alisema mpiga ngoma. Juu ya upepo huo yeye akapiga wimbo wangu. Na hapo ndipo nilipogundua kosa kubwa kuliko la kwanza: alikuwa ameunyoa. Robo zote amezitoa. Havuti uzi tena, anapiga sawasawa kwenye vyuma kama mtoto wa shule, kwa sababu huko alikokwenda nadhani hawakuzitaka. Yule aliyepiga kelele za furaha nyumbani kwangu siku alipoipata robo ya kwanza! Nikasema moyoni, ahsante. Umenipa kisu mwenyewe, na mpini umeelekea kwangu.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Katikati ya wimbo nitaacha upepo wao, nitabonyeza vibonye viwili, nitaupiga wimbo wangu na robo zake, juu ya gitaa lake, kwa nguvu. Sauti yake na yangu hazitakutana. Mwenye vyuma ndiye atakayesikika amekosea, kwa sababu mwenye wimbo hakosei. Harusini kwetu mpiga gitaa akipishana na kinanda hivyo, akina mama hugeuka wote kwa pamoja, na anayekula huacha kula. Mtu huyo haalikwi tena mpaka aliyemsikia afe.

Tulipanda saa kumi alasiri, nimeshaswali, jua bado kali. Nikawapa upepo wao dakika kumi nzima, mnyenyekevu, macho chini. Akaanza wimbo. Mara ya kwanza nikamwacha aumalize. Mara ya pili nikanyoosha kidole, nikabonyeza kimoja, nikabonyeza cha pili, nikaingia.

Wallahi ilikuwa mbaya! Sauti mbili zikawa zinagombana kama paka juu ya bati, zinatetemeka, zinaviringika ndani ya mwangwi wa spika. Aligeuka akanitazama. Alijua. Jasho lilimtoka, kidole kikatangatanga kwenye shingo ya gitaa kikitafuta pa kukimbilia. Wahudumu wawili waliobeba sinia walisimama, na mmoja akakunja uso kama aliyeuma ndimu. Jirani yangu, nyuma ya jukwaa, alijishika kinywa. Nikasema hii sasa, hii hasa, kunywa.

Halafu nikainua macho kuwaangalia watu.

Walikuwa wamesimama. Wote. Wamenyoosha mikono juu, macho wameyafumba, wengine wanalia. Kijana wa rangi ya fedha alikuwa amepiga magoti. Nilipozidisha nguvu wakapiga ukelele. Ile aibu niliyoipika miaka minne waliipokea kama asali, wakamshangilia yeye, maana yeye ndiye aliyesimama mbele na mimi nimekaa nyuma nimejifunika. Mimi, mtu mzima, nilisahau kwamba masikio hayakuzaliwa mtaa mmoja. Niliandaa sumu ya Kisauni nikawalisha watu ambao kwao ni chakula.

Tulipomaliza walipiga makofi mpaka ndege wakaruka kwenye minazi. Binti mwandaaji alipanda na kipaza sauti, akamuuliza mpiga gitaa ile sauti ya ajabu, ile inayotetemeka, ameipata wapi. Yeye alinitazama, akatazama chini. "Ni sauti za kale za pwani," akasema. Basi. Hata pale, na mimi niko hatua tano nyuma yake, alishindwa.

Watu wakaanza kupiga makofi ya mpigo mmoja. Wanataka tena. Nikanyanyuka, nikachomoa waya wa umeme, nikakibeba kinanda mikononi kama mtoto, nikashuka.

Alinifuata mbio. Nyuma ya jukwaa, kati ya makreti ya soda, alichuchumaa mbele yangu kwa sababu nilikuwa nimeketi nikivingirisha waya.

"Dada, turudi. Wanautaka tena."

Nikaona nimekuwa dada.

"Wanataka n'ni?"

"Ile... ile robo. Bila wewe haiwi."

"Robo ya nani?"

Makofi yanaendelea kule mbele.

"Wimbo wa nani? Sema, mie ni wa kale, sisikii vizuri."

"Wako."

"Usiniambie mie. Mie najua. Kawaambie wale."

"Nikisema, utarudi?"

"Kaseme kwanza," nikamwambia. Sikusema ndiyo. Mwenyezi Mungu ni shahidi, sikusema ndiyo.

Akaenda. Nilimsikia kwa spika, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, nadhani ili nisikose neno. Alisema wimbo huu si wa kale. Alisema mwenyewe yu hai na yuko nyuma ya jukwaa, akalitaja jina langu, langu na la baba na la babu, yote matatu, hakukosea. Alisema nilimfundisha sebuleni kwangu na nikamlisha. Kisha akasema jambo ambalo sikumwomba. Alisema wimbo ulitungwa kwa ajili ya mama mgonjwa aliyekuwa akimwita mjukuu, na kwamba yeye alidanganya redioni kwa sababu aliona haya kumtafuta mwenyewe baada ya kukaa kimya muda mrefu.

Walilipokea jina langu. Umati mzima, watu ambao hawajui Kisauni iko wapi, wakaliita, wakilivunja vunja midomoni, wakiita tena. Binti mwandaaji akanijia mbio, machozi yanamtoka.

"Mama, njoo! Wanakungoja!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye zipu ya mfuko wa kinanda. Nasema kweli, ulisimama. Miguu ilitaka kwenda. Maisha yangu yote nilikuwa nimekaa nyuma ya mtu, na sasa bustani nzima inaniita mbele. Kisha nikamwona yeye kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa amesimama amegeuka upande wangu, gitaa tayari, na usoni ana lile tabasamu la Jumapili, la mtu aliyekwisha kusamehewa. Kwa maneno matatu ya kipaza sauti! Miaka minne yangu, kwa maneno matatu.

Nikafunga zipu.

"Mwambie nimekwenda kuswali," nikasema. Mungu anisamehe, nilitumia sala.

Jirani yangu alishika upande mmoja wa kinanda, mimi mwingine, tukatoka kwa njia ya jikoni, tukapita kwenye kamba za mashuka. Makofi yalitufuata. Yakawa ya haraka, yakawa ya polepole, yakaanguka moja moja. Nilisimama hapo kwenye mashuka nikingoja kumsikia akianza peke yake na vyuma vyake, aaibike. Hakuanza. Jirani yangu alichungulia, akarudi.

"Amesimama tu," akasema. "Watu wameanza kuketi. Shoga, kwani wangoja nini? Nenda ukapige wimbo wa mamako."

"Alistahili," nikamwambia.

"Sikukuuliza habari zake," akasema.

Tukapanda matatu mpaka Kisauni. Baadaye nilisikia kwamba alisimama pale mpaka wakaja kumwondoa, kundi jingine lipande. Nilifurahi. Nilikula vizuri usiku ule, nikalala vizuri, na nisingependa mtu aniambie eti moyo ulinisuta, haukunisuta. Kama ni kulipa kisasi, nililipa chote, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia kukibeba.

Ila baada ya miezi michache kulikuwa na harusi Kiembeni. Mama wa bibi harusi alikuwa amesikia habari za Shanzu, akanijia na kanga mpya begani, akaniomba niupige ule wangu, ule uliotangazwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba wimbo wangu kwa kuuita wangu. Niliteremsha vibonye, nikaweka vidole, nikaanza. Nilipofika pale mahali pa gitaa nikanyamaza kidogo, kama ulivyo, nikingoja. Wale akina mama nao wakangoja. Nikawaambia umeme unacheza, nikapiga kitu kingine cha kuchezea, wakainuka wakacheza. Tangu siku hiyo sijaugusa, hata nyumbani.

Kisha yule binti wa Nairobi akanipigia tena. Salamu nyingi, afya, watoto, hali ya joto. Halafu akasema watu wanauliza ule wimbo kila mahali wanapokwenda, na yule kaka amekataa kuupiga. Hajaupiga hata mara moja tangu Shanzu. Anasema wimbo una mwenyewe, na mwenyewe hajampa ruhusa.

"Kwa hiyo nimeona nikuulize wewe, mama. Unamruhusu?"

Nilikuwa sebuleni. Nikamwambia nitafikiria.

Huu ni mwaka wa pili. Bado nafikiria.